Misumari Minne kwenye Kona ya Basotu

Mimi ni mtu wa lebo. Ukifungua kabati la chuma la ofisi yetu ya misheni hapa Katesh, utakuta kila faili lina karatasi nyeupe mgongoni, na kila karatasi ina mwandiko wangu. Wenzangu walizoea kunitania kwamba nikikaa nusu saa bila kazi nitambandika lebo hata dereva. Nilicheka nao, lakini kusema kweli nilijivuna. Ofisi yenyewe ni vyumba viwili na stoo nyuma ya kanisa, nayo inahudumia wainjilisti waliotawanyika kuanzia Masakta hadi ng'ambo ya ziwa Basotu. Niliamini kwamba bila mimi ingekuwa jalala. Imani hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kila mwaka, ngano ikishavunwa, tunafanya Siku ya Misheni. Ukumbi wa kanisa tunaugawa kona kona, kila kituo na kona yake, na kila kona lazima iwe na kitu cha kuonyesha: picha za ubatizo, mahindi ya shukrani, pengine bangili au kibuyu alichokileta mtu baada ya kuokoka. Mwaka ule kona ya Basotu ilikuwa tupu. Wiki nzima nilimpigia simu mwinjilisti wa kule, naye kila mara akanijibu kwamba ukame umewatawanya watu wake na mifugo yao, hana cha kuleta. Hasira zilinipanda. Wageni walikuwa wanakuja Jumapili, marafiki wa nje wanaotuombea na kutusaidia, na katika kila barua yao waliulizia Basotu kwanza.

Alhamisi, basi likaleta kifurushi. Ilikuwa kanga iliyofungwa kwa kamba ya katani, nzito kuliko nilivyotegemea. Nilipoifungua, harufu ya mafuta na moshi ikajaa ofisini. Ndani mlikuwa na sketi ya ngozi, ile ambayo mwanamke wa Kibarbaig huipata akiolewa, laini kwa kupakwa mafuta miaka na miaka, pindo lake limeshonewa shanga nyekundu na za bluu. Juu yake kulikuwa na karatasi ya daftari iliyobanwa kwa pini. Nikautambua mwandiko wa mke wa mwinjilisti, ambaye mwenyewe ni Mbarbaig.

"Dada, Bwana asifiwe. Mama mmoja wa kanisani kwetu amelazwa na mtoto hospitali. Anaogopa nguo yake isije ikaguswa wodini. Anaomba uifungie kwenye kabati lako mpaka atoke. Asiishike mwanaume. Ubarikiwe."

Niliielewa barua ile. Naomba hilo lijulikane mapema, kwa sababu baadaye watu wengi wema walijaribu kunisaidia kwa kusema sikuelewa. Niliisoma mara mbili. Kisha nikaikunja, nikaitia kwenye droo yangu, maana mimi karatasi situpi, nikabaki nikiitazama ile sketi na kuwaza kona ya Basotu. Nikajiambia ni siku tatu tu. Nikajiambia yule mama amebatizwa, ni mwenzetu, angekuwepo angefurahi. Nikajiambia hata ukutani ni kutunza, tena mbele ya macho ya watu wote, nani ataiiba? Ukitaka kufanya jambo baya, hoja hazikosekani.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikujiambia. Mimi ni Mwiraqw wa Bashay, kule milimani. Bibi yangu aliwaita Wabarbaig kwa jina jingine, na hakulitaja kwa upole. Alikuwa na hadithi za ng'ombe walioswagwa alfajiri na wajomba waliowafuata wasirudi. Nimesali na Wabarbaig, nimekula nao, nimewaandikia barua za utambulisho. Lakini nilipoishika ile ngozi, sehemu fulani ndani yangu iliiona kama kitu kilichotekwa. Naona aibu kuliandika hili, ila bila hili habari yangu haijakamilika.

Ukuta wa ukumbi ni mrefu na ngazi inanitia kizunguzungu, kwa hiyo nikamwita dereva. Alipanda na nyundo, akaipokea ile sketi kutoka mikononi mwangu, akageuka akanitazama.

"Dada, hii si itatoboka?"

"Piga," nikamwambia.

Akapiga misumari minne, miwili juu na miwili chini, ili ikae imetanuka vizuri na shanga zionekane. Chini yake nikabandika lebo kwa herufi kubwa: MAMA MMOJA WA BASOTU AMEYAACHA YA KALE.

Jumapili kona ya Basotu ilijaa watu kuliko zote. Mgeni mmoja alilia. Simu zilipiga picha mpaka nikawaomba watu wapishane. Mchungaji anayeongoza ofisi yetu, mtu mzito wa maneno, aliyemzika baba yangu na kunipa kazi hii, alinishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Huyu mama ndiye macho yetu." Nililala nikiwa na furaha.

Simu ilikuja Jumanne asubuhi. Mwinjilisti wa Basotu hakunisalimu.

"Mnafanya nini huko?"

Picha ilikuwa imepita kundi hadi kundi, kama zinavyopita. Kijana mmoja wa kule anayesoma sekondari aliionyesha kwao. Ndugu wa mume wakaiona nguo ya mke wao imepigiliwa misumari kwenye ukuta wa kanisa, chini yake maandishi kwamba ameyaacha ya kale. Jumatatu yule mama alitoka hospitali na mtoto wake amepona, akapanda gari, akashuka, akatembea mpaka kwake. Akakuta njia ya kuingilia boma imezibwa kwa matawi ya miiba. Watoto wake wakubwa wawili walikuwa ndani, aliwasikia. Akaambiwa kwamba mwanamke aliyeitupa nguo yake ya ndoa ameitupa ndoa. Arudi kwa hao walioitundika. Watoto ni wa boma.

"Yuko kwangu, na mtoto mgongoni," mwinjilisti akasema. "Hali, hasemi. Na wanawake wamekaa kikao."

"Wanawake gani?"

"Wanawake wote, dada. Wakikaa wale, hata wazee wanaume wanawapisha. Mke wangu amewaeleza kwamba nguo ilitumwa kutunzwa tu, lakini wanamwambia yeye naye ni wa kanisa, lazima alitetee kanisa. Wanataka aliyeandika yale maneno ukutani. Wamesema Alhamisi. Asipokuja, wataamua bila yeye, na uamuzi wao ninaujua: huyu mama hatarudi kwake."

Nilimwambia nitaongea na Mchungaji. Nikaweka simu mezani, nikamwomba aje ofisini.

Mchungaji alinisikiliza akiwa amesimama dirishani. Wageni wetu walikuwa bado nyumba ya wageni, na taarifa ya Siku ya Misheni ilishatumwa nje Jumatatu ile ile, ile picha ikiwa ukurasa wa kwanza. Mimi ndiye niliyeituma.

"Alibatizwa au hakubatizwa?" akauliza.

"Alibatizwa."

"Nguo aliileta mwenyewe au tulimnyang'anya?"

"Ilikuja kwa basi."

"Basi aliileta mwenyewe. Si uongo." Akageuka. Uso wake haukuwa wa hila. Ulikuwa wa mtu anayeona paa linavuja na hana ngazi. "Kuna maandishi yoyote yaliyokuja nayo?"

Droo yenye ile karatasi ilikuwa kando ya goti langu. Ningeweza kuifungua bila kunyanyuka.

"Hapana, Mchungaji."

Nimefanya kazi ofisini miaka mingi, na sikumbuki neno lililonitoka kwa wepesi namna ile. Akaniamuru niandike barua. Nikaichapa mwenyewe: ofisi ilipokea vazi hilo likiwa limetolewa kwa hiari, ofisi inasikitika kwa usumbufu, ofisi inatambua na kuheshimu mila. Mchungaji akasaini, nami nikapiga mhuri. Mhuri ukakaa vizuri kabisa, pasipo doa.

Nilikwenda kuing'oa sketi mwenyewe. Safari hii sikumwita dereva. Nilipanda ngazi na kizunguzungu changu. Misumari ilitoka kwa shida, na ilipotoka iliacha matundu manne yenye kutu pembeni. Nikajaribu kuyasugua kwa kidole ili ngozi ijifunge, kama mtoto anayeficha chungu alichokivunja. Hayakufunga. Kabla ya kutoka ofisini nikafungua droo, nikachukua ile karatasi ya daftari. Sikujua nitaifanyia nini. Nikaitia kwenye mkoba pamoja na barua yenye mhuri, zikakaa zimegusana.

Alhamisi tulitoka mapema, mimi na dereva. Sketi niliipakata kwenye kanga yake. Pande zote yalikuwa mabua ya ngano tu, yamekatwa mafupi, na vumbi lilitufuata hadi tulipoliona ziwa. Dereva, ambaye kwa kawaida hafungi mdomo, alisema jambo moja tu njia nzima: "Na mimi je, niliyeishika?" Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mke wa mwinjilisti alitupokea uani. Nikafungua mikono nimkumbatie, kama tunavyofanya siku zote. Hakusogea.

"Barua yangu uliipata?" akaniuliza.

Kuku walikuwa wanaparua chini ya kibanda. Nikawaangalia kuku.

"Niliipata."

Akawafukuza wale kuku kwa mguu.

"Basi usiniambie mimi," akasema. "Mimi nitatafsiri. Utakachosema wewe ndicho nitakachosema. Siongezi, sipunguzi."

Nikaelewa maana yake. Nikiitoa ile barua ya mhuri, yeye aliyeandika kwa mkono wake kwamba nguo itunzwe angelazimika kuyatamka maneno ya ofisi, kwamba ilitolewa kwa hiari, mbele ya wanawake wa kabila lake na mbele ya yule mama. Na angeyatamka. Ndivyo alivyo.

Kikao kilikuwa mahali pa wazi juu ya ziwa. Sijui walikuwa wangapi. Walikaa chini kwa safu, wengi wamevaa ngozi, miguu imenyooshwa mbele. Hapakuwa na mwanamume hata kwa mbali. Dereva na mwinjilisti walibaki nyumbani bila kuambiwa. Pembeni, peke yake, ameketi mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, amejifunga kitenge cha kuazima kisichomtosha vizuri. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Nilikuwa nimemwandika ukutani kwa herufi kubwa, nimemtuma nje kwa barua pepe, na sikuwa nimewahi kuiona sura yake. Alinitazama mara moja, kisha akaitazama kanga niliyoipakata, na hakuondoa macho hapo tena.

Mbele aliketi bikizee mwembamba mwenye pete za shaba masikioni. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Kwetu Bashay mzee akikunyima marahaba, ujue hujafika bado. Uko nje ya mlango. Nilibaki nimepiga goti mpaka alipoonyesha kwa fimbo nikae, na niiweke kanga chini. Wanawake wawili wakaifungua. Wakainyanyua ile sketi juani, na jua likapita kwenye matundu manne. Mguno ukapita kwenye safu zile, chini kabisa ya koo. Yule mama kijana hakuguna. Alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Bikizee akasema, mke wa mwinjilisti akatafsiri kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. "Anauliza, umekuja na nini?"

Mkono wangu uliingia mkobani. Ukagusa karatasi mbili, ngumu na laini. Naapa sikuamua, mkono ulitoka na ile ngumu. Bikizee akaipokea, akaitazama mbele na nyuma, akaupitisha mhuri chini ya kidole gumba.

"Anauliza, karatasi hii ilikuwepo nguo ilipofika?"

"Hapana. Imeandikwa juzi."

"Karatasi hii ilishika nyundo?"

"Hapana."

"Basi haijui kitu." Akaiweka chini akaigandamiza kwa jiwe, kwa sababu palikuwa na upepo, si kwa dharau. "Sema wewe."

Nikasema jina la Bwana libarikiwe, nikasema nimetumwa na ofisi, nikasema ofisi inasikitika. Nilijisikia mwenyewe nikiongea kama lebo. Bikizee akanikatiza katikati.

"Anauliza, una mume?"

"Ninaye."

"Siku unaolewa ulivaa nini?"

"Gauni jeupe."

"Liko wapi?"

Sikulitegemea swali hilo. "Lilikuwa la kukodi," nikasema. "Tulilirudisha Babati Jumatatu."

Mke wa mwinjilisti akatafsiri, na safu zote zikaangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakapigana mabega. Hata mimi, pamoja na woga wangu, midomo ilinicheza. Bikizee peke yake hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha.

"Anasema, basi tumeelewa. Huyu nguo yake ilirudishwa Jumatatu. Angejuaje? Mtu hawezi kuheshimu asichokuwa nacho. Anauliza: hukujua, ndiyo au siyo?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa, mpana, na walioufungua ni wao. Ningesema sikujua, wangenihesabu mjinga wa mlimani, wakanitoza kitu kidogo, nikarudi Katesh na kazi yangu na jina langu. Na yule mama? Nikageuka nikamwangalia. Kama sikujua, basi sikuambiwa. Kama sikuambiwa, basi nguo ilikuja bila neno, na aliyeituma bila neno ni yeye. Ujinga wangu ungekuwa hukumu yake. Mtoto alikuwa ameamka mgongoni mwake, anachezea shanga za shingo yake, na yeye bado anaitazama ile ngozi iliyoshikwa juani.

Niliogopa, sitasema vinginevyo. Niliogopa wale wanawake, nikamwogopa Mchungaji zaidi, na zaidi ya wote nikamwogopa mke wa mwinjilisti, ambaye alikuwa akingoja neno langu alitafsiri, taya limekaza.

"Nilijua," nikasema.

Hakutafsiri. Akanitazama.

"Nilijua," nikarudia. "Niliambiwa kwa maandishi. Niliambiwa niifungie kabatini, na mwanamume asiishike. Nikaisoma barua mara mbili. Nikampa mwanamume aipigilie misumari, naye aliniuliza kama haitatoboka, nikamwambia apige. Maneno ya ukutani niliyatunga mimi. Huyu mama hajaacha kitu. Aliomba kutunziwa." Nikaitoa ile karatasi ya daftari, nikaiweka juu ya magoti ya mwenye kuiandika. "Mchungaji aliponiuliza kama kuna maandishi, nilimwambia hakuna."

Sauti ya mke wa mwinjilisti, iliyokuwa haipandi wala haishuki, ilikatika mara mbili alipokuwa akiyasema hayo kwa lugha yao. Nilisikia ng'ombe wakinywa maji chini ziwani.

Walizungumza muda mrefu. Waliimba kidogo, wakasimama, wakakaa. Jua likanipiga utosini na hakuna aliyeniambia nisogee. Mwishowe bikizee akarudi kukaa mbele yangu.

"Anasema, nguo iliyotobolewa kwa chuma haivaliki tena. Huyu hawezi kuingia kwake bila nguo. Itatengenezwa nyingine. Utaleta ng'ombe, dume, mwenye ngozi pana. Ngozi yake itakuwa nguo. Siku akiivaa, miiba itaondolewa."

Nikavuta pumzi. "Ofisi italeta," nikasema. "Nitaongea na Mchungaji, ofisi ita—"

Bikizee alishaelewa neno ofisi bila mkalimani. Akatikisa kichwa.

"Anasema ofisi haina mikono. Wewe unayo. Ng'ombe atoke kwenye zizi lako."

Zizi langu lilikuwa na ng'ombe mmoja. Baba alipofariki aliniachia ndama, kitu pekee nilichorithi kwake, akakua akawa maksai mweusi mwenye kovu refu ubavuni alikojeruhiwa na fisi akiwa mdogo. Alikaa Bashay kwa kaka yangu, akilima na maksai mwenzake kwenye nira moja. Hata malishoni walikula ubavu kwa ubavu. Na mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia.

Niliporudi Katesh nilimweleza Mchungaji yote. Hakupandisha sauti. Alitazama meza yangu, ile droo, kisha akasema, "Nilikuuliza." Basi. Aliandika mwenyewe barua kwa marafiki wa nje, ukurasa mmoja, bila kunipa niichape. Sikufukuzwa, lakini hajaniita tena macho ya mtu yeyote.

Kaka ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. "Yaani unampelekea Mbarbaig maksai wa baba," akasema, "kwa miguu yako mwenyewe! Bibi angefufuka akupige. Zamani walau walikuja kuwachukua wenyewe." Akazunguka zizi mara mbili akitukana. Halafu akamfunga maksai kamba, kwa sababu nilishamwambia kuhusu watoto wawili nyuma ya miiba, na yeye ana watano.

Ofisa mifugo, akijaza kibali cha kusafirisha, aliniuliza sababu: mauzo, kuchinja au kufuga. "Faini," nikamjibu. Akaniangalia juu ya miwani, akaandika kufuga.

Kule Basotu, bikizee alimkagua maksai mwenyewe. Alipitisha kiganja kwenye kovu lile la ubavuni, mbele na nyuma, nami nikadhani atamkataa.

"Anasema, huyu aliumwa akapona. Anafaa."

Nilimshika maksai wangu pembe, nikamwachia. Sikungoja kuona mengine. Bashay, kaka aliniambia, yule mwenzake alikataa kula siku mbili, akisimama upande wake wa nira na kuacha nafasi.

Miezi miwili ilipita. Nilifanya kazi nikiwa na jambo moja tu kichwani: kila siku ngozi ile inapokwanguliwa na kupakwa mafuta, mama mmoja analala nje ya kwake, na watoto wake wanalala bila yeye, kwa sababu mimi nilitaka kona ijae. Nilijaribu kusali nikashindwa kumaliza. Mke wa mwinjilisti aliandika mara moja, kwenye karatasi ya daftari: "Bado."

Nilikwenda Basotu siku ya mnada, mvua zikiwa zimeshaanza. Nilikuwa nachagua samaki nilipomwona anakuja kati ya watu, mtoto mgongoni, na watoto wawili wakubwa wamemshika kila mmoja upande wake, kama waliokatazwa kuachia. Amevaa ngozi mpya. Ilikuwa bado ngumu, inalia kila akipiga hatua. Upande wa nyonga, chini ya mafuta, nililiona kovu la fisi.

Nilidhani atapita. Nilikuwa tayari apite. Akasimama mbele yangu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ng'ombe yako ile," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "ilikuwa inaitwa nani?"

Nikamtajia. Ni jina la Kiiraqw alilompa baba. Akalirudia kwa sauti ndogo, mara mbili, mpaka likamkaa mdomoni, na mkono wake ukashuka ukagusa ile ngozi.

Nikasimama pale na samaki mkononi. Nilikuwa nimeandika habari zake kwenye ukuta, kwenye taarifa, kwenye barua yenye mhuri, na pote nilimwita mama mmoja wa Basotu. Yeye amesimama anauliza jina la ng'ombe.

"Na wewe," nikasema, "wewe unaitwa nani?"

Akaniambia. Nalikumbuka, na kila nikisali nalitaja, lakini sitaliandika hapa.